Chupa za Kiongoroni

Salima, upo? Haya yaishie kwako.

Yule mtafiti wa mwaka wa Elnino karudi Kiongoroni leo. Mvi tupu. Kaja kumshukuru mama.

Kumshukuru, Salima.

Unakumbuka siri ile. Kipindupindu kilipotuzoa, yeye alikuwa akichota maji ya mto kwenye chupa, anaziacha kwetu zingoje boti. Mama hakumwamini hata kidogo. Wawekezaji wa mabwawa ya kufugia kamba walikuwa wanayatolea macho maeneo yetu, akajua tu: mto ukionekana mbaya, tutahamishwa. Akamwaga chupa zote, akajaza maji ya mvua ya mtungini, tena ya kuchemsha. Akafunga vifuniko.

Leo mzee anaeleza kwamba vijidudu vya kipindupindu huishi kwenye maganda ya kamba, na hubadilika mwaka hadi mwaka. Katika vijiji vyote alivikuta. Kwetu tu hakukuta hata kimoja. "Mama Muzdalifa, mto wenu naufundisha chuoni mwaka wa ishirini huu."

Mwaka wa ishirini. Mama anasuka ukili wake wa mkeka, hapepesi jicho.

Nikamvuta mama pembeni, nikamwambia, "Mwambie ukweli." Akasema, "Na waliomtuma, unawajua?"

Sasa mzee anataka kulinganisha vijidudu vya zamani na vya leo, ajue mlipuko ujao utaanzia wapi. Chupa mpya, kashazijaza maji ya mto, ziko chini ya kitanda cha mama. Boti ni kesho.

Mama kaniuliza sasa hivi kama mtungi una maji.