Pikapu Yako Imewaka, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza bila salamu ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama siku ile niliyotoka chuo na miwani ya jua usoni.

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo ya rangi uani kwetu Kiwalani, mbele ya pikapu yako. Situlii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu kukagua nati ambazo nimeshazikagua. Mama kanichungulia dirishani: "We mtoto, hebu tulia, unanizungusha kichwa."

Gari lako nimelifumua, baba. Chasisi ilikuwa imeliwa na kutu mpaka kidole kinapita, kwa hiyo mimi na Shomari, yule jirani yetu fundi wa kuchomelea, tulinunua chasisi ya pikapu ya kisasa iliyopata ajali. Tukaivua bodi yako ya zamani tukaikalisha juu yake. Injini ni ya kisasa, breki ni za kisasa, usukani unauzungusha kwa mkono mmoja. Mlango wa kushoto tu ndio bado unataka kupigwa bega.

Mara ya kwanza bodi ilikataa. Matairi ya nyuma yaligusa bati, Shomari akanitazama kama mwizi. Vipimo tulivitoa kwenye kitabu cha gari, na kitabu hakikujua kwamba wewe uliirefusha sehemu ya mizigo shubiri mbili, ili mikungu ya ndizi ya soko la Mabibo ilale vizuri. Aliyepaswa kukumbuka ni mimi. Nilikuwa darasa la tano, nimeshika ncha ya kamba ya kupimia, nikailegeza kwa kumcheka mbuzi wa jirani. Ukanifokea, "Vuta kamba, Zuhura! Ukilegeza wewe, mie nakata upogo!" Nilicheka peke yangu pale uani, kisha nikalia, Shomari akajifanya anatafuta spana. Ikabidi tuikate chasisi mpya na kuiongeza chuma.

Unajua kwa nini nahangaika hivi. Siku walipokuja wageni kumposa mdogo wangu, pikapu ilikuwa imeziba njia, nikakuambia mbele yao, "Baba, hilo kopo si uwape watu wa skrepa? Linatuaibisha." Hukunijibu vibaya. Ulisema, "Haya, mama," ukaenda kumimina chai. Nilirudi kwangu Kinondoni nimenuna, eti wewe ndiye uliyeniudhi kwa ule unyonge wako. Nikakaa mwezi mzima bila kuja. Niliporudi ilikuwa kwa ajili ya mazishi yako.

Tangu hapo nimetaka jambo moja tu, gari hili litembee, ujue kwamba neno lile nimelifuta.

Leo asubuhi limewaka. Shomari alipiga ukelele, "Sista, imekubali!" Nikakimbia kumwita mama apande mbele, nimzungushe hata hadi barabarani. Alikuja na khanga yake begani, akaupapasa mlango, asipande.

"Baba'ako alikuwa alitoe gari hili," akasema.

Nikamuuliza alitoe vipi.

"Wiki ile ile uliyomsema, akawaita hao watu wa skrepa. Wakaja na lori lao. Akawaambia, njooni Jumapili, mwanangu atakuwepo, nataka aone kwamba nimemsikia. Wakaja Jumapili, wewe hupo. Akawaambia ijayo. Wakawa wanakuja, anawarudisha. Nikamwambia si umpigie simu? Akasema, mwache, ana kazi nyingi, atakuja mwenyewe."

Mara nne, baba. Nimemuuliza mama mara mbili, na mara zote mbili amesema nne. Jumapili zile sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, nimekununia wewe uliyekuwa umeshanikubalia, na umekaa getini unanisubiri.

Injini bado inanguruma hapa, siwezi kuizima wala kuiendesha. Shomari ananiuliza kulikoni, mimi naendelea kuandika. Miezi yote hii nimekuwa nakutengenezea gari ili unisamehe, kumbe ulichotaka ni nije nyumbani.

Wewe pumzika, baba. Mimi leo sitaweza.

Binti yako wa kwanza,
Zuhura