Nyanya Amuoe Bhoke Ili Mimi Nirushe Ndege

Mpendwa Mama Kemuma,

Pokea salamu nyingi kutoka Kehancha, na tafadhali ukichapisha barua hii ufiche jina langu kwa sababu mimi ni mtu ambaye hivi karibuni nitakuwa ofisa, na naomba msaada wako upesi maana mambo yenyewe ni ya Jumamosi hii. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, nilimaliza Kidato cha Nne nikapita hesabu na fizikia vizuri sana, na tangu siku ile nilipoenda Homa Bay kumwona mjomba nikaona ndege ndogo ikitua, watu wakifukuza mbuzi uwanjani ili ipate nafasi, nami nikakimbia nikaishika bawa kabla askari hajanifukuza pamoja na hao mbuzi, sijawahi kutaka kazi nyingine isipokuwa kurusha ndege za jeshi. Kwa hivyo tangazo la kadeti wa urubani lilipotoka gazetini niliandika siku hiyohiyo, na sasa nimeitwa Nairobi wiki ijayo kwa mahojiano, na hapa kijijini hakuna anayeniita jina langu tena, naitwa Kapteni, nimenunua miwani nyeusi soko la Migori, na jioni nafanya mazoezi nikiwa nimekaa kwenye kiti nimeshika mfuniko wa sufuria kama usukani, ingawa mama hunikatiza akisema niurudishe, ugali unapoa.

Sasa Mama, shida ni kwamba tangazo lilisema wazi anayeomba asiwe ameoa, na mimi kweli sijaoa, lakini kuna msichana anaitwa Bhoke, ni fundi cherehani pale Migori, tumependana tangu tukiwa shule na sasa ana mimba ya miezi mitano, na mimba ni yangu, sikatai, ila sijaisema popote. Kwao wamemuuliza mwenye mimba ni nani naye amekataa kunitaja, anasema nitajitaja mwenyewe, na babake hupita hapa kwetu kila siku ya soko na fimbo yake akitusalimia vizuri, mimi nikimwona naingia jikoni. Nikimuoa nimepoteza ndege, nisipomuoa kaka zake watajua tu, na hapo sidhani kama nitafika hata Awendo, sembuse Nairobi.

Basi nikiwa nachunga ng'ombe wazo likanijia ambalo hata mwenyewe lilinishangaza. Marehemu babu alikuwa na mke mdogo, nyanya Wankuru, aliyezaa wasichana watupu na wote wameolewa, na wewe unajua desturi yetu Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akamuoa msichana, na watoto wa huyo msichana wakawa wa nyumba yake ili nyumba isife. Nikamwendea nikamwambia, nyanya, kwa nini usimuoe Bhoke? Alicheka akashika mbavu, kisha akauliza kama huyo msichana anajua kusaga wimbi, na kesho yake nikamkuta anakandika nyumba upya. Kwa hivyo Jumamosi ng'ombe wanapelekwa, Bhoke atakuwa ameolewa, mtoto atakuwa na kwao, kaka zake watakula nyama wanyamaze, na mimi huko Nairobi nitasimama kifua mbele niseme sina mke na itakuwa kweli tupu.

Kila mtu amefurahi isipokuwa Bhoke. Nilipomweleza nilidhani atanisifu kwa akili, lakini aliendelea tu kushona sketi ya mtu, akasema, "Sawa, Kapteni. Na huyu mtoto akiniuliza babake yuko wapi, nitamwonyesha wapi? Kule juu?" Tangu siku hiyo hanisemeshi. Mama Kemuma, swali langu ni hili tu: maofisa wakiniuliza kama nina mke nikasema hapana, nitakuwa nimedanganya serikali? Na huyu Bhoke nimfanyie nini aache kununa?

Ni mimi wako,
Rubani Mtarajiwa, Kehancha.

*

Kapteni,

Jina lako nimelificha kama ulivyoagiza. Miwani sikuweza kukufichia, na vijana wa Kehancha wanaorusha mfuniko wa sufuria jioni nadhani si wengi.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea yeye pia, na nilipofika pale kwa Bhoke na sketi yake, sote wawili tukaacha kucheka.

Mimi ni Mkisii niliyeolewa hapa Homa Bay, na desturi hiyo ya nyumba hata kwetu ipo. Shangazi yangu aliolewa hivyo, akazaa, akalea, akaheshimiwa mpaka kufa. Siitukani mila ya mtu. Lakini mila hiyo iliwekwa kwa ajili ya mama kama nyanya yako, asizeeke peke yake nyumba ikimtazama. Haikuwekwa ili kijana aliyepita fizikia apate mahali pa kuificha mimba yake.

Na hiyo hesabu unayojisifia, ya ukoo umeanguka. Hebu tuifanye pamoja polepole. Nyanya Wankuru ni mke wa babu yako. Angezaa mvulana, mvulana huyo angekuwa ndugu ya baba yako. Bhoke anaolewa katika nyumba ya mvulana huyo ambaye hakuzaliwa. Kwa hivyo kuanzia Jumamosi jioni, Bhoke ni mama yako mdogo! Ukikutana naye njiani utamwamkia kwa adabu ukitazama chini. Na mtoto wako wa kumzaa, damu yako, atakuita kaka. Tena usidhani nyanya anakutunzia mtu. Nyumba ni yake, ng'ombe ni wake, na mwanamume wa kubisha hodi pale ni yule ambaye nyanya na Bhoke watamkubali. Mama mzee aliyekandika ukuta kwa mikono yake anataka wajukuu, hatangoja mtu apewe likizo kambini. Haya hukuyafikiria ulipokuwa na ng'ombe? Ungewauliza hao ng'ombe, pengine wangekuambia.

Unauliza kama utakuwa umeidanganya serikali. Serikali ina watu wake wa kuitetea, iache. Watatuma mtu kwa chifu kuulizia habari zako, na chifu wakati huo atakuwa anachokoa meno nyama ya Jumamosi. Swali lako la kweli ni kama umemdanganya Bhoke, na hilo ukaliita kununa. Bhoke hajanuna. Amebeba mimba ya mtu miezi mitano huku akiulizwa asubuhi na jioni ni ya nani, akakuheshimu akakuachia nafasi uje useme kwa kinywa chako, na wewe ukaja na habari ya kumtafutia mume, tena mume mwenyewe ni nyanyako. Mimi ningekushona wewe badala ya sketi.

Halafu unataka uofisa. Ofisa hukabidhiwa watu na roho zao. Wewe unaenda kuwaambia wakubwa Nairobi kwamba utailinda mipaka ya nchi hii, na mzee mmoja akipita na fimbo kwenda sokoni, tena anakusalimia vizuri, unajificha jikoni.

Nimekusema vya kutosha, sasa nikuambie kitu kingine. Ndoto yako ni nzuri. Vijana wangapi wa huku kwetu wameitwa Nairobi kwa jambo kama hilo? Niliposoma ulivyofukuzwa uwanjani pamoja na mbuzi nilikupenda, na ningefurahi uipate hiyo ndege. Ila usiipande ukiwa umemkanyaga mtu.

Fanya hivi. Gazeti likikufikia leo Alhamisi, kesho asubuhi vua miwani, mweleze baba yako kila kitu, muende pamoja kwa kina Bhoke. Mbele ya babake useme, "Mimba ni yangu." Watapiga kelele, ukae chini uzisikilize zote. Watakachokutoza, utakubali. Ukitoka hapo nenda kwa nyanya Wankuru ukamwombe msamaha, maana umemtumainisha mama wa watu bure, na huo ukuta umalizie kuukandika wewe mwenyewe. Kama bado anataka kuoa, kuna msichana mahali atakayekubali kwa hiari yake, na nitaicheza harusi hiyo nikialikwa. Kisha mwendee Bhoke umuulize kama yuko tayari kukungoja mpaka masomo ya jeshi yaishe ndipo umuoe. Muulize, nimesema. Usimweleze tena mipango. Akisema hapana, basi ni hapana, na mtoto utamlea hivyo hivyo.

Nairobi wakikuuliza kama una mke, sema huna. Kisha usingoje waulize, uongeze kwamba una mtoto njiani na umemkubali mbele ya wazee wake. Inawezekana watakuchukua. Inawezekana watakurudisha nyumbani siku hiyohiyo na miwani yako mfukoni, na utalia, na mimi nitakuonea huruma ya kweli, lakini hutaingia tena jikoni ukiona mtu anakuja.

Wewe ulikuwa mtoto wa huku, kwa hivyo unakumbuka. Ndege ikipita juu, watoto wote hutoka nje mbio, wanapunga mikono na kupiga kelele kwa mtu wasiyemjua. Mtoto wa Bhoke naye atatoka na wenzake. Wewe hakikisha yeye anajua anampungia nani.

Mama Kemuma, Homa Bay.