Picha Zilizobaki kwa Mama

Dada mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini kifua kimekuachia na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mwilini sina neno. Nyumba tu imetulia kuliko ilivyozoea.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote imenichoma. Umesema nina mama wa kunizaa na dada wa kuokota: mama akuonyeshe kwenye simu yake picha za wifi yako na mwanetu Chiriku, akuringie nazo, halafu wewe ukifungua barua pepe zilezile kwenye kompyuta ya ofisini ukute visanduku vitupu. Na shemeji akadakia kwamba fundi wa matangazo ya watu, ya kwake yamemshinda. Mwambie nimecheka. Mwambie pia kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilianza na kompyuta mbovu iliyotupwa na duka la viatu, na leo maduka kumi na manne yananitegemea kwa barua zao za matangazo. Kila barua naijaribu kwenye programu saba za kusomea barua pepe kabla haijatoka, maana inayopendeza kwenye tano huvurugika kwenye mbili.

Sasa sikiliza, hapa hakuna upendeleo. Picha ninazowatumia hazimo ndani ya barua. Zinakaa kwenye seva yangu, yaani kompyuta ya kutunzia vitu mtandaoni. Barua inabeba anwani tu, na programu ya mpokeaji ndiyo inayokwenda kuzichukua. Nilifanya hivyo barua ziwe nyepesi, zisijaze simu ya mama. Programu ya ofisini kwenu ina mashaka na kila mtu, haichukui picha mpaka ubonyeze kuiruhusu. Simu ya mama haina maswali: ilizichukua siku ileile barua zilipofika, ikajiwekea nakala.

Lakini umesema umebonyeza, fundi wa ofisi naye amebonyeza, na visanduku bado vitupu. Ukamalizia kwamba basi tatizo ni mimi. Hapo, dada, umepatia.

Ningeweza kukaa kimya. Ila umeandika kwamba Jumamosi unamnunulia mama simu mpya, ile yenye kioo kilichopasuka umwachie muuzaji, barua zihamie kwenye mpya. Zitahama, ndiyo. Mama atazifungua, simu mpya itakuja kubisha hodi kwenye seva yangu, na haitakuta mtu.

Wifi yako ameondoka. Amemchukua Chiriku, wako kwa ndugu zake, tangu kabla ya mvua. Hatukupigana. Alisema amechoka kula na mgongo wa mtu, na kweli mimi nilikuwa nimeikodolea kompyuta macho hata alipokuwa analisema hilo. Jioni ile nikaingia kwenye seva nikafuta folda nzima, picha thelathini na mbili, sikujibakizia hata moja. Nilidhani nafuta vya kwangu. Sikukumbuka kwamba natoboa matundu kwenye barua zenu.

Mama akipiga huniuliza Chiriku yuko wapi, nami humwambia amelala. Juzi ameniuliza ni mtoto gani huyo anayelala saa nne asubuhi, tena mwenye mdomo kama ule. Nikamwambia mtandao unakatika.

Kwa hiyo nakuomba, simu ile usimwachie mtu. Duniani kote, picha za mwanangu nilizopiga mimi zimebaki humo tu. Zihifadhi moja moja, kisha unitumie ukiwa umeziambatisha, ziwe ndani ya barua yenyewe. Zikiwa nzito, acha ziwe nzito. Habari hii mama usimpe wewe. Jumamosi asubuhi nitapiga, kabla hujatoka kwenda dukani, nimwambie mwenyewe. Wewe kaa karibu naye tu, usimwache akapokea peke yake.

Nami nimeambatisha picha moja humu. Hii haimo kwenye seva ya mtu, na hata programu yenu yenye mashaka itaifungua. Ni meza yetu ya kulia, na kikombe kimoja. Nilizunguka nyumba nzima na simu mkononi, sikuona kingine cha kupiga.

Msalimie sana shemeji. Mwambie alichosema ni kweli, ya kwangu yamenishinda.

Ni mimi mdogo wako,
Baba Chiriku