Jua la Nyuma ya Kioo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na usinicheke, au cheka kidogo tu kisha unijibu. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, wananiita Mama Pindo, naishi kwa binti yangu ghorofa ya tatu, mtoto mwenye upendo wa ajabu, hataki niinue hata sufuria, kaniwekea kiti cha mto kwenye dirisha la kioo ili "mama aote jua", nami nikaota weee, huku mifupa inauma na miguu imelegea kama uzi uliolowa, hadi daktari akanipima damu akasema vitamini D iko chini kabisa, nikamwambia mbona jua naota kila siku, akauliza wapi, nilipomweleza akacheka hadi akavua miwani, kumbe jua la nyuma ya kioo linapasha joto tu, vitamini mwili hautengenezi, tena ngozi ya mzee ni mvivu kuliko ya kijana, akaniandikia vidonge na kuniamuru nitoke nje.

Nikaanza kupanda juu ya paa panapoanikwa nguo, na huko nikamkuta jirani yetu aliyefiwa na mkewe, fundi saa, tunamwita Dakika Mbili kwa kuwa ukimpa saa atengeneze hukuambia "dakika mbili tu" wiki nzima, naye kaamriwa jua na daktari yuleyule, tukaanza na salamu, tukahamia kwenye mayai na samaki wa kopo, maana navyo vina vitamini hiyo, sasa tunacheka mpaka vibanio vya nguo vinadondoka. Juzi majibu mapya yametoka, vitamini imepanda, magoti yananitii, binti yangu akapiga vigelegele, akabusu chupa ya vidonge, akasema, "Mama, umeshapona, usipande tena zile ngazi, utateleza. Rudi kwenye kiti chako." Na Dakika Mbili anakuja Jumapili kuniposa! Sitaki kumuumiza mwanangu, lakini nikirudi dirishani nitanyauka. Nimwambie, au ninyamaze nizeeke kwa heshima?

Mama Pindo

*

Mama Pindo, nimecheka, tena si kidogo. Hongera, mama! Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Heshima gani hiyo inayokaa nyuma ya kioo? Umewapima watu viuno maisha yako yote bila haya, leo unaogopa kumwambia mtoto uliyemzaa kwamba kiti chake hakikufai? Yeye anakufungia ndani kwa mapenzi, na ukimya wako ndio komeo. Mficha uchi hazai. Kuzaa umeshamaliza, najua, lakini methali bado inakuhusu.

Kaa naye leo, umweleze yote. Ngazi ana haki ya kuziogopa, kwa hiyo apande nawe, ashike mkono wako, aone mwenyewe unavyocheka huko juu. Vidonge usiviache wala usiviongeze kwa kichwa chako, vikizidi vinadhuru; hilo ni la daktari. Jua nalo ota kwa kiasi, kunja mikono ya gauni, na ngozi ikianza kuchoma ingia kivulini. Kile kiti cha mto kipandisheni paani. Dakika Mbili naye ana magoti ya kupumzisha.

Kisha nisikilize vizuri. Umeniuliza kuhusu binti, lakini kuhusu mchumba hukuniuliza kitu. Jibu lake unalo tayari, bibi harusi. Mwambie tu Jumapili asichelewe.