Tone la Kwanza la Maziwa

Louisville, 2015

Mama Ruth,

Mimi nilikuwa msaidizi wako wa nyumbani, na mwenye maswali ulikuwa wewe. Sasa umeondoka, maswali umeniachia. Sijui kama huko uliko barua zinafika. Ungeniambia, "Andika kwanza, tutajua baadaye."

Unakumbuka Ijumaa yangu ya kwanza? Kwenye dirisha la jikoni kulikuwa na mishumaa miwili ya Sabato, bakuli la maji, unyoya na kisahani chenye udongo. Nikapangusa vumbi, na udongo nikautupa, nikidhani ni uchafu wa paka. Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukanituma bustanini nikachote mwingine: "Ardhi haijaisha." Kisha ukawasha mishumaa, ukafunika macho, ukasema baraka ya Kiebrania aliyokufundisha bibi yako. Ulipomaliza ukatoka pekupeku kwenye majani, ukashukuru mashariki, kusini, magharibi na kaskazini. Mimi mtoto wa kanisa nilisimama mlangoni nimeshika viatu vyako, nakemea kimoyomoyo na huku nachungulia.

Nilikuuliza unasali kwa nani. "Usinibane. Siku nyingine najua, siku nyingine sijui." Ulisema watu wa sinagogi walikuona umepotea, na wenzako wa kusherehekea mwezi na majira walikuona una sala nyingi mno za Kiyahudi. Hukumwomba radhi yeyote. Nilikupenda kwa hilo.

Lakini kilichokufanya unikazie macho ni siku ulipoona sinywi maziwa baada ya kula nyama. Nilikwambia kwetu, milimani Kivu Kusini, bibi yangu alikataza, eti ng'ombe angekauka. Ukasema hata kwenu ni mwiko, ila bibi yako alisema ni amri ya Mungu. Ukasogeza kiti. Ukauliza, na bibi yangu alifanya nini kingine, kabla ya wamisionari kuja? Sikujua. "Mama yako anajua. Muulize angali anapumua."

Nilikuwa bado najipanga kuuliza, ukatangulia wewe. Mwanao akakuzika Columbus, karibu na kwake.

Mwezi uliopita nilikwenda Buffalo kumwona mama, nikapitia kaburini kwako. Maua sikuleta. Nilikuwekea jiwe juu ya kaburi, kama mnavyofanya ninyi Wayahudi, nimeliokota bustani ya Iroquois hapa Louisville, pale ulipopenda kukaa. Halafu nikaendesha mpaka Black Rock, mtaa wa Buffalo anakoishi mama.

Mama amezeeka, Mama Ruth. Majina ya wajukuu anayachanganya. Niliogopa nimechelewa. Nilipomuuliza habari za bibi, akawaka kwa Kiswahili chetu cha Kongo, Kifaransa ndani yake: "Unatafuta nini mu ile mambo ya zamani? Donc miye nilibatizwaka bure?" Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa, nisipate pa kuchomeka neno. Aliimba beti zote.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba na kikombe cha maziwa. Hakunitazama. Alikiinamisha, tone likaanguka kwenye majani, ndipo akanywa.

"Bibi yako alifanyaka hivi," akasema. "Ya kwanza haikukuwa ya kwetu."

Nikamuuliza ilikuwa ya nani.

"Bon, sikumuulizaka."

Nililia, Mama Ruth, na sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu nilitamani kukupigia simu papo hapo, nikusikie ukivuta kiti.

Basi pumzika, rafiki yangu mwenye maswali. Mimi bado ni wa kanisa, usinicheke. Lile tone sijui ni la nani, na nataka sana kujua. Binti yangu hunijibu Kiingereza kila nimwitapo, lakini macho anayo. Ijumaa hii nitamwita nyuma ya nyumba, nimwage la kwanza mbele yake. Nakuahidi, akiniuliza, sitaimba.

Wako,
Furaha