Mashine Inayonguruma

Bondeni, Nakuru

Kaka Sitati,

Niaje huko Mombasa? Huku tuko sawa, mvua imeshika na viazi vya Molo ni vitamu balaa.

Wale samaki wa baharini uliomletea Baba wanaringa tu. Juzi tulienda kuwanunulia mashine ya kutoa uchafu wa maji kama povu. Muuzaji akasifu moja isiyosikika kabisa.

Baba akaikataa. "Boss, nipe hiyo ya kelele. Tangu mama wa watoto wangu afariki, nyumba imenyamaza sana."

Kaka, sasa anacheka! Anaita majirani waje waone povu. Jana, akisikiliza habari, aligeuka akaiambia mashine, "Mama Sitati, hebu punguza sauti."

Krismasi njoo uwasikie hao wawili.

Dada yako,
Nangila