Mlango wa Upande wa Mke Wangu

Jumamosi, 4 Mei
Nimeupata! Miaka miwili nautafuta mlango wa abiria wa gari la marehemu baba. Muuza vyuma chakavu alikuwa ameuegemeza nyuma ya rundo la mabati. Wa kijani, gari letu jeupe, na chini umeliwa na kutu — lakini ni wenyewe hasa. Nilipompigia binti yetu alipiga ukelele hadi sikio likaziba. Harusi yake ni tarehe ishirini na tano na anataka kwenda na gari la babu yake, si jingine.
Mama yake alisimama mlangoni mwa jikoni na mkongojo wake, akanitazama nikiushusha.

Jumapili, 5 Mei
Nimeulaza juu ya meza uani, nakwangua rangi. Chini ya kijani, bluu. Chini ya bluu, nyekundu! Vidole vinawaka moto. Matundu manne, moja linameza kidole gumba.
Mke wangu tangu ajali hajaligusa gari lile, hata kwa kitambaa. Leo kapita kuanika nguo, akasimama.
"Mlango huo una kitasa?"
Hauna, nikamwambia. Nitatafuta.
Kati ya vitu vyote — kauliza kitasa.

Jumanne, 7 Mei
Kaja fundi wa bodi, tunamwita Nyundo. Kakata palipooza, kachomelea bati jipya, safi kabisa. Mdomo wake haupoi: eti magari ya siku hizi ni makopo ya maziwa. Halafu, kwa sauti yake ile ya gereji:
"Mzee, kitasa toa kwenye mlango wa zamani uliopondeka. Si uko stoo?"
Kimekufa, nikasema.
"Vitasa vya hizi havifi. Labda mtu akichezee."
Mke wangu alikuwa dirishani. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi.

Jumatano, 8 Mei
Niandike basi, maana mdomo umenishinda.
Wiki mbili kabla ya ajali springi ya kitasa ilikatika. Nikaifunga kwa waya. Nikajiambia nitatengeneza Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikatazama mpira. Sikumwambia mtu.
Kwenye kona mlango ukafunguka, mke wangu akatoka nje. Nyonga ikavunjika. Miezi minne kitandani.
Na mimi nikasema hakuufunga vizuri. Nilimwambia daktari, nikamwambia binti, nikawaambia ndugu zake. Akaniomba radhi — yeye! — pale pale hospitali, hawezi hata kugeuka. Eti nisamehe, nimekuharibia gari la baba.
Nikamsamehe.

Ijumaa, 10 Mei
Puti, msasa. Puti, msasa. Praima ya kijivu, rangi ya kwanza, imekaa vizuri. Nimezunguka kwa wauza vyuma wote, kitasa hakuna. Binti kapiga simu: litakuwa tayari? Litakuwa, mama, nikasema.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeingia stoo. Mlango wa zamani umegeuzwa. Bitana yake imebanduliwa, waya unaonekana.
Si mimi.
Mezani mke wangu kanisogezea chumvi kabla sijaiomba.

Jumapili, 12 Mei
Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Nilidhani nitaanza mbali, nizunguke kidogo — nikaropoka yote mara moja, nimesimama kama mwanafunzi aliyekosa.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga!
"Baba Watoto, mimi niliufunga. Niliusikia ukifungika. Miaka miwili najiambia labda sikusikia vizuri."
Nikasema nisamehe. Akasema hilo liache kwanza. Kinatengenezeka? Springi mpya tu, nikasema. Basi kitengeneze, nikiona.
Akavuta kigoda. Nikafungua kitasa cha mlango wa zamani, nikatoa waya, nikatia springi aliyoniachia Nyundo. Bisibisi iliniponyoka mara tatu. Kila ilipoanguka alingoja, haniokotei. Tulipoupachika mlango kwenye bawaba aliushika kwa chini, mkongojo kauweka kando. Mzito ule! Nikamwambia acha, utaumia. Akaniangalia tu.
Akaufungua na kuufunga. Mara ishirini labda. Kisha akazunguka gari, taratibu, akaketi kwenye usukani. Mwenyewe! Hajaendesha tangu siku ile.
"Wewe utakaa hapa," akagonga kiti cha abiria. "Binti yako umemwambia?"
Bado.
"Basi twende. Utamwambia wewe, mimi nasikiliza. Nenda kalete funguo."
Funguo ninazo mkononi. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, naandika ovyo, herufi zinapanda na kushuka. Nitaanzaje? Atataka bado nimsindikize siku ya harusi?
Anapiga honi. Hapigi kwa hasira — mara moja, fupi, kama mtu anayejua nipo na nitatoka.
Ya pili hiyo.